Mbio fupi Garissa: Adui wa mkimbiaji si umbali, ni jua

ALFAJIRI mjini Garissa huwa fupi. Watu wanapotoka misikitini baada ya swala, hewa bado ni poa, vumbi halijatimuliwa na magari na upepo mwepesi huvuma kutoka upande wa Mto Tana. Saa moja unusu baadaye, jua likishapanda juu ya mapaa ya mabati, hali hiyo huwa imetoweka. Kati ya nyakati hizo mbili ndipo mkazi anayetaka kukimbia kwa ajili ya afya yake hupata nafasi.

Wanaoihitaji nafasi hiyo si vijana pekee. Mtu akigunduliwa kuwa na kisukari au shinikizo la damu, aghalabu huambiwa na daktari afanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150. Kukimbia ni njia nafuu ya kutimiza agizo hilo, kwa kuwa hakuhitaji ada wala mitambo.

Tatizo ni kwamba ushauri mwingi kuhusu mbio umeandikwa na watu wa nchi za baridi, au umetokana na mazoezi ya wanariadha wa nyanda za juu. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Garissa iko takriban mita 150 tu, na katika miezi mingi joto la mchana hufika nyuzi 35 za Selsiasi na hata kupita. Mkazi wa Garissa, Wajir au Mandera anayefuata ratiba ya Iten neno kwa neno anaweza kujidhuru badala ya kujijenga.

Swali la kwanza la mkimbiaji mpya huwa ni ale nini ili apate nguvu. Ni swali zuri, lakini halistahili kuwa la kwanza. Kwa mbio za kilomita 5 au 10, nguvu za kumfikisha mtu mwisho tayari zimo mwilini mwake. Kinachomwangusha katika eneo la Kaskazini Mashariki ni kushindwa kuupoza mwili huo. Madereva wa malori yaendayo Dadaab wanalifahamu jambo hili vyema: gari huweza kuwa na tangi lililojaa mafuta na bado likazimika njiani kwa sababu rejeta imekauka.

Hesabu ya joto

Mtu anayekimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Kwa hivyo, mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 atatumia kalori 350 hivi. Katika hizo, robo moja au pungufu ndiyo inayosukuma miguu. Zilizobaki, zaidi ya 260, hugeuka kuwa joto ndani ya mwili.

Lau kama mwili haungekuwa na njia ya kulitoa, joto hilo lingetosha kupandisha kipimo chake kwa nyuzi 4 hivi. Joto la kawaida la mwanadamu ni nyuzi 37. Ukiongeza 4 unapata 41, kiwango ambacho huhatarisha ubongo, figo na ini.

Mwili hujipoza kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuliachia joto hewani kupitia ngozi. Njia hiyo hufanya kazi iwapo hewa ni baridi kuliko ngozi, ambayo huwa na nyuzi 33 hadi 35 hivi. Adhuhuri ya Garissa inapofika nyuzi 36, njia hiyo hufungika na hewa yenyewe huanza kuupasha mwili moto. Hapo hubaki njia ya pili pekee, nayo ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa takriban kalori 580 za joto. Nusu lita, kwa hivyo, inatosha kufuta joto la kilomita 5, mradi likauke mwilini na lisidondoke chini.

Hapa pana tofauti kati ya Garissa na pwani. Mombasa hewa imejaa unyevu, kwa hivyo jasho hukawia kukauka na mtu hujiona amelowa. Katika nyika ya Kaskazini Mashariki, hasa wakati wa kiangazi, jasho hukauka punde linapotoka. Mkimbiaji hujiona mkavu na hudhani hajapoteza maji, ilhali amepoteza mengi. Ushahidi huonekana baadaye, fulana inapobaki na michirizi myeupe ya chumvi.

Isitoshe, moyo hukabiliwa na kazi mbili kwa mpigo. Hulazimika kupeleka damu kwenye misuli ya miguu na wakati uo huo kuipeleka kwenye ngozi ili ipozwe. Maji yakipungua mwilini, damu nayo hupungua na kila upande hudai sehemu yake. Ndiyo sababu mwendo unaoonekana mwepesi saa kumi na mbili asubuhi huwa mateso saa tatu, ingawa barabara ni ileile na miguu ni ileile.

Hata mabingwa husogeza saa

Anayedhani kwamba kuliogopa jua ni dalili ya udhaifu atazame yaliyowapata wanariadha bora zaidi duniani. Katika Mashindano ya Dunia ya Riadha yaliyofanyika Doha, Qatar, mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza saa sita kasoro dakika moja usiku ili kukwepa jua. Hata hivyo, usiku huo ulikuwa na joto la nyuzi zaidi ya 30 na unyevu mwingi. Wanawake 68 walianza, 28 hawakumaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2 na dakika 32, muda mrefu kwa kiwango chake.

Majuma machache baadaye, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kuhamisha marathoni ya Olimpiki ya Tokyo hadi mji wa Sapporo, kaskazini mwa Japani, kwa sababu ya joto. Mbio hizo zilipofanyika mwaka 2021, Sapporo nako kulikuwa na joto kali. Marathoni ya wanawake ilisogezwa mbele kwa saa moja, kutoka saa moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, na wanariadha wakaarifiwa jioni ya kuamkia mbio. Wakenya Peres Jepchirchir na Brigid Kosgei walitwaa dhahabu na fedha. Siku iliyofuata, wanaume wapatao 30 waliachia njiani. Eliud Kipchoge alishinda, akifuatwa na Abdi Nageeye wa Uholanzi na Bashir Abdi wa Ubelgiji, wote wawili wazaliwa wa Somalia.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba asili humkinga mtu dhidi ya jua. Wanariadha hao walikuwa wamejiandaa kwa joto kwa muda mrefu. Yanaonyesha jambo lingine: ikiwa waandalizi wa Olimpiki hubadili saa na hata mji ili kuokoa wakimbiaji, mwalimu wa shule au mfanyabiashara wa Soko Mugdi hana sababu ya kuona haya kurudi nyumbani jua likishachomoza.

Kuuzoesha mwili

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Mtu akifanya mazoezi mepesi katika joto kwa siku 10 hadi 14 mfululizo, kiasi cha maji katika damu yake huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na chumvi inayotoka nalo hupungua. Anayetoka Nairobi au Eldoret kwenda Garissa kikazi hana budi kuzipitia siku hizo kabla ya kujipima kasi. Atahisi pumzi inatosha, kwani hewa ya nyanda za chini ina oksijeni nyingi zaidi, na hilo linaweza kumdanganya akazidisha mwendo.

Hata mzaliwa wa Garissa anayeshinda ofisini chini ya feni, au dukani kivulini, hajazoea kukimbia katika joto. Kuzoea kukaa kwenye joto na kuzoea kufanya kazi nzito kwenye joto ni mambo mawili tofauti. Mazoea hayo pia hupotea upesi. Anayeacha mazoezi kwa majuma matatu au manne huanza karibu upya.

Kipimo bora cha mwendo si saa ya mkononi bali mazungumzo. Mkimbiaji anayeweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi yumo katika kiwango kinachofaa. Akibaki na neno moja moja, apunguze. Siku ya joto, kipimo hiki humlazimisha kwenda polepole zaidi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ratiba ya majuma manane

Anayeanza kutoka sifuri hahitaji zaidi ya siku tatu kwa wiki, mathalani Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Kila zoezi litanguliwe na dakika 5 za kutembea kwa haraka na limalizwe vivyo hivyo.

Juma la 1 na la 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8.

Juma la 3 na la 4: kimbia dakika 3, tembea dakika 2, rudia mara 5.

Juma la 5 na la 6: kimbia dakika 8, tembea dakika 2, rudia mara 3.

Juma la 7: kimbia dakika 12, tembea dakika 2, kisha kimbia tena dakika 12.

Juma la 8: kimbia dakika 25 hadi 30 bila kusimama, kwa mwendo wa mazungumzo.

Mwishoni mwa ratiba hii wengi huweza kukaribia au kutimiza kilomita 5. Juma likiwa gumu, lirudiwe kabla ya kuendelea, hakuna faini. Mwenye umri mkubwa, mwenye maradhi ya moyo, kisukari au shinikizo la damu, na aliyewahi kuhisi maumivu ya kifua amwone daktari kabla ya juma la kwanza.

Anayelenga kilomita 10 aendelee kwa majuma mengine 6 hadi 8. Siku moja ya wiki iwe ya safari ndefu, akiongeza kilomita moja tu kila juma. Siku nyingine iwe ya kasi: dakika 2 za mwendo mkali na dakika 2 za kutembea, mara 6. Siku ya tatu ibaki nyepesi. Misuli hujengeka wakati wa mapumziko, kwa hivyo siku za kupumzika ni sehemu ya mazoezi.

Mahali pa kukimbilia nako kuna maana. Mchanga laini wa laga huchosha misuli ya ndama za miguu na kuteguza vifundo vya anayeanza; barabara ya udongo ulioshikana ni bora zaidi. Miiba ya mathenge, mti ulioenea kote katika eneo hilo, hupenya soli nyembamba, kwa hivyo raba zenye soli imara ni gharama isiyokwepeka. Vijia vya kandokando ya Mto Tana vinavutia kwa kivuli, lakini mto huo una mamba na viboko. Nje ya mji nako, gizani, si ajabu kukutana na fisi.

Chakula kilichopo kinatosha

Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na akiba hiyo hutosha takriban dakika 90 za kukimbia kwa bidii. Anayemaliza kilomita 5 kwa dakika 35, au kilomita 10 kwa dakika 75, hafiki mwisho wa akiba yake ikiwa alikula vyema jana yake. Hahitaji poda, vidonge wala vinywaji vya kuongeza nguvu.

Utafiti ulioongozwa na Mkenya Vincent Onywera na kuchapishwa mwaka 2004 uliwachunguza wanariadha wa kiwango cha juu wa Kenya waliokuwa kambini. Ulibaini kwamba zaidi ya asilimia 76 ya nguvu waliyoipata kutoka kwa chakula ilitokana na wanga. Chakula chao kilikuwa cha kawaida: ugali, wali, viazi, mkate, mboga, nyama kidogo na chai ya maziwa yenye sukari.

Meza ya Garissa haiko mbali na hiyo. Anjera, wali, pasta na ugali ni wanga. Ndizi, maembe na matikiti ya mashamba ya kandokando ya Tana huleta sukari ya asili, maji na madini. Robo tatu hivi ya uzito wa tende kavu ni wanga, wingi wake ukiwa sukari ya upesi. Nyama ya mbuzi, maharagwe na maziwa ya ngamia hutoa protini ya kukarabati misuli.

Kinachohitaji mpangilio ni wakati. Mlo mkubwa uliwe saa tatu hivi kabla ya kukimbia. Nyama yenye mafuta mengi na nyirinyiri, chakula kilichobuniwa kumstahimilisha msafiri, hukaa sana tumboni na si vya kuliwa kabla ya mbio. Anayekimbia alfajiri kwa dakika 30 anaweza kwenda na glasi ya maji na tende mbili au tatu, au ndizi moja. Wengine huenda bila kula chochote na hawapati shida, alimradi walikula chakula cha usiku.

Baada ya mbio, kifungua kinywa cha anjera, yai na maziwa hutimiza yote yanayohitajika. Maziwa, kwa kuwa yana maji, sukari, protini na chumvi kidogo, hubaki mwilini kwa muda mrefu kuliko maji matupu. Ya ngamia yachemshwe kwanza, kwani maziwa mabichi yanaweza kueneza homa ya bruselosisi.

Kuna mtego mmoja. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida huwa na sukari gramu 50 hivi, sawa na kalori 200. Mwenye kilo 70 aliyekimbia kilomita 3 ili apunguze uzito, kisha akajituza soda hiyo, amerudisha karibu kila alichotumia. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, ikinywewa mara tano kwa siku, hufanya hesabu ileile kwa siri. Kwa upande mwingine, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge ajue kwamba kukimbia hushusha sukari. Achukue ushauri wa daktari kuhusu dozi, apime kabla ya kutoka na abebe tende au glukosi mfukoni.

Maji: si kidogo, si kupita kiasi

Njia rahisi ya kujua mahitaji ya mwili ni mizani. Pima uzito kabla na baada ya kukimbia. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Mwenye kilo 70 akipoteza zaidi ya kilo 1.4, yaani asilimia 2, mwendo wake huathirika. Asiye na mizani atazame mkojo: ukiwa wa manjano hafifu mambo ni sawa, ukiwa na rangi ya chai amechelewa kunywa. Kwa mbio fupi, glasi mbili za maji saa moja au mbili kabla, na kunywa kulingana na kiu baadaye, hutosha watu wengi.

Hata hivyo, kuzidisha nako kuna hatari. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza na kukuta kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu, wengi wao kwa sababu ya kunywa kupita kiasi. Mkimbiaji mmoja alifariki kutokana na hali hiyo. Jasho hubeba chumvi, na anayerudisha maji matupu lita baada ya lita huizimua damu yake. Kwa mbio za chini ya saa moja, chumvi iliyomo katika supu na chakula cha kawaida hurudisha kilichopotea.

Ramadhani

Kwa kuwa Garissa iko karibu kabisa na ikweta, saumu huko huchukua takriban saa 13 na nusu mwaka mzima. Kinachobadilika ni joto. Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi, miongoni mwa miezi ya jua kali zaidi.

Lengo la mwezi huo liwe kudumisha mazoezi, si kuongeza kasi. Ipo nafasi ya nusu saa kabla ya magharibi, kwa mwendo mwepesi mno, kwa kuwa futari iko karibu. Nafasi bora zaidi ni baada ya tarawehe, mtu akiwa amekula kidogo na kunywa. Futari ya tende, maji, supu na tunda humwandaa mkimbiaji. Sahani ya sambusa za mafuta humlaza. Daku nayo isirukwe. Mazoezi ya kasi na safari ndefu yaahirishwe hadi Shawwal.

Mo Farah, Mwingereza mzaliwa wa Somaliland, alishinda mita 10,000 na mita 5,000 katika Olimpiki ya London mwaka 2012, mashindano yaliyofanyika ndani ya Ramadhani. Hakufunga siku za mbio; aliahirisha ili alipe baadaye. Wa kumwongoza muumini katika uamuzi wa aina hiyo ni mwanachuoni wake. Kwa anayekimbia kwa afya tu, njia rahisi ni kupunguza mazoezi, wala saumu haina haja ya kuguswa.

Miraa na mkimbiaji

Si rahisi kuzungumzia mwili wa mkazi wa Kaskazini Mashariki bila kutaja miraa. Kemikali zake huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu, huua hamu ya chakula na kufukuza usingizi. Pia huweza kupandisha joto la mwili. Anayetafuna hadi usiku wa manane kisha akaingia barabarani alfajiri huwa amekosa chakula, maji na usingizi kwa pamoja, na moyo wake tayari unakimbia kabla ya miguu. Fauka ya hayo, kathini, mojawapo ya kemikali hizo, imo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku mashindanoni inapopita kiwango maalumu katika mkojo. Usiku wa miraa usifuatwe na asubuhi ya mbio.

Wanawake na mavazi

Mavazi ya stara si kizuizi cha mbio. Mwaka 2006, Ruqaya Al Ghasra wa Bahrain alishinda mita 200 katika Michezo ya Asia mjini Doha akiwa amevaa hijabu. Mwaka 2024, Sifan Hassan wa Uholanzi, mzaliwa wa Ethiopia, alipokea dhahabu ya marathoni ya Olimpiki ya Paris akiwa na hijabu. Kinachohitajika ni kitambaa chepesi, kipana na cha rangi isiyoiva, kinachopitisha hewa na kuruhusu jasho kukauka. Vazi jeusi zito la nailoni hufungia joto ndani. Wengi huanza kwa kutembea kwa makundi ya majirani, na ratiba ya majuma manane hufaa kundi kama inavyofaa mtu mmoja.

Saa zilizoporwa

Mnamo Aprili 2, 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na watu 148 wakauawa. Serikali ilitangaza kafyu katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Ulinzi wa maisha ulitangulia kila kitu. Lakini ukitazama saa hizo 12, ndizo zile ambazo mwili wa mwanadamu unaweza kukimbia kwa usalama katika eneo hilo. Aliyebakiwa na mchana pekee alibakiwa na jua.

Kumbukumbu hiyo inaeleza kwa nini tahadhari ni sehemu ya mazoezi. Mkimbiaji aandamane na mwenzake au kundi, afuate barabara zinazotumiwa na watu, awaarifu wa nyumbani anakopita, abebe kitambulisho na simu, na azingatie maagizo ya maafisa wa usalama wakati wowote yanapotolewa.

Dalili za hatari

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuhisi baridi au msisimko wa ngozi wakati wa jua ni ishara za kusimama papo hapo. Mtu akianza kuyumba, kujibu ovyo au kuanguka, hiyo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Joto la mwili likipita nyuzi 40, kila dakika ina thamani.

Apelekwe kivulini, apunguzwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe bila kukoma. Vitambaa vilivyoloweshwa maji ya baridi viwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote. Gari la hospitali liitwe mara moja, lakini kazi ya kupoza isisubiri gari. Kanuni ya madaktari wa michezo ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye.

Haya yote yanawahusu pia wanaoandaa mbio za shule, za amani na za hisani katika kaunti hizo. Mbio zilizopangwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi zikingoja mgeni wa heshima hadi saa tatu, watakaolipa gharama ya kuchelewa kwake ni watoto waliopangwa mstarini juani. Mgeni anaweza kufika wakati wa kutoa zawadi. Jua la Garissa halijawahi kumsubiri mtu.